Kila mfuko wa simiti huandikwa, fundi je?

Kwa wakuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, wakuu wa Wizara ya Leba, na nyinyi wa Kaunti ya Jiji la Nairobi mnaopitisha ramani za majengo.

Waheshimiwa,

Mimi ni karani katika duka la hadiwea huku Kayole, na kazi yangu ni kuandika. Lori likitoka hapa na simiti kwenda mjengo fulani, naandika hati ya mzigo kwa nakala tatu, dereva anatia sahihi, na kule mjengoni mwenye stoo anahesabu mfuko mmoja mmoja kabla hajatia yake. Mfuko ukipasuka njiani, simu inanifikia kabla lori halijarudi. Vyuma vinahesabiwa, misumari inapimwa kwa kilo, hata waya wa kufungia vyuma una mstari wake. Sijapata kuona mjengo usiojua umepokea mifuko mingapi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Alijenga katika jiji hili kuanzia 1984 hadi mwaka jana alipotuacha, na leo mkiniambia niwaletee karatasi moja tu ya mwajiri inayoonyesha kwamba aliwahi kumfanyia kazi, sina ya kuwaletea. Nawaandikia kuomba jambo moja: kila mjengo Nairobi uwe na daftari langoni, na kila anayeingia kufanya kazi aandikwe humo, awe fundi au mtu wa mkono, hata kama ni kibarua cha siku moja. Nitalieleza zaidi. Kwanza niruhusuni niwaambie mtu huyu alikuwa nani, kwa sababu huenda mmeshapanda ngazi zake.

Alifika Nairobi mwaka ule wa njaa akitokea Vihiga, kijana aliyetolewa shuleni na karo, akapokewa na mjomba wake Kariobangi. Kesho yake tu mjomba alimpeleka mjengoni. Alianzia pale wanapoanzia wote, mtu wa mkono: karai begani, kukoroga mota kwa beleshi, kupandisha mawe ghorofa baada ya ghorofa kwa ngazi ya mbao. Fundi aliyemtumikia hakuwa mtu wa maneno. Siku moja wakati wa chakula baba aliuchukua mwiko wa yule fundi akapanga mawe matatu. Fundi aliporudi aliyang'oa yote, akampa mwiko, akasimama pembeni. Baba alitusimulia kisa hicho kila Krismasi, na mawe yalikuwa yakiongezeka. Mara ya mwisho yalikuwa tisa.

Alikuwa mtu wa kona. Mafundi wananielewa: ukuta huanzia kwenye kona, na kona ikipotea nusu inchi kule chini, ukifika ghorofa ya tatu utaona kosa kwa macho matupu. Alikuwa akiweka jiwe la Ndarugo, lile la mashine la inchi tisa, anateremsha timazi, anangoja itulie, anagonga jiwe kwa mpini wa mwiko, anachungulia tena. Vijana walimwona anachelewesha kazi. Kisha uzi unafungwa kona hadi kona, ukuta unapanda bila kurudiwa, na jioni amewapita wote.

Mchanga aliupima kwa chupa ya soda. Lori la mchanga likishamwaga, alitia konzi mbili kwenye chupa tupu, akajaza maji, akatikisa, akaiweka kivulini. Mchanga hukaa chini na udongo hukaa juu yake, na ule mstari kati yao ndio jibu. Udongo ukizidi alikataa kuutumia, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana mchanga ulikuwa umeshalipiwa. Aliwahi kuambiwa achukue vyombo vyake aende kwa sababu ya hiyo chupa. Mimi ninayo chupa ya namna hiyo chini ya kaunta hapa dukani. Mwenye duka haipendi, lakini hajaniambia niitupe.

Slabu ikishamwagwa inataka maji kwa siku saba angalau, na nguvu yake huhesabiwa kutimia siku ya 28. Hayo kila injinia wenu anayajua. Lakini Jumapili nani anamwagilia? Baba alituchukua moja kwa moja kutoka kanisani, sisi watoto na nguo zetu za ibada, tukatembea hadi mjengoni, wakati mwingine Umoja, wakati mwingine Donholm. Alivua viatu, akakunja suruali, akashika mpira wa maji na kumwagilia slabu ya mtu ambaye hakumlipa kitu kwa siku hiyo. Sisi tulikaa juu ya rundo la mbao tukila mahindi ya kuchoma. Nilidhani kila familia hufanya hivyo baada ya misa.

Nyumbani hakutulia pia. Kijijini, kabla ya kugusa nyumba kubwa, alimjengea mama jikoni lenye meko ya kusimama ili asiiname, na dohani inayotoa moshi kweli. Wanaume wenzake walimcheka kwamba ameanza boma kutoka nyuma. Mama hajawahi kuumwa kifua, na wake za waliocheka walikuja baadaye mmoja mmoja kuuliza vipimo. Hapa Kayole, siku ambazo mama aliamkia Marikiti kununua mboga, baba ndiye aliyenichana nywele kabla hajaondoka alfajiri. Vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa simiti, na nywele zilinasa kwenye zile nyufa. Kila usiku alivipaka mafuta ya Arimis na kila asubuhi vilikuwa vile vile. Nikilia aliniambia nivumilie kidogo, mstari bado haujanyooka.

Jumamosi ilikuwa ya malipo. Tulijua kwa mlio wa lango jinsi alivyolipwa. Akilipwa kamili alikuja na nyama robo kilo na gazeti. Akilipwa nusu alikuja na gazeti bila nyama. Asipolipwa alikuja akiimba, ili tusiulize. Karo yetu ilitoka humo, kipande kwa kipande, na mwalimu mkuu mmoja mwenye moyo aliipokea hivyo hivyo, shilingi mia tatu leo, mia mbili wiki ijayo.

Hakuwa mtu wa kusema jengo fulani ni lake. Alisema: ngazi ya nyuma. Ukuta wa lifti. Choo cha askari. Tukipita kwenye matatu alinyoosha kidole na kutaja hicho kipande tu, na kama kilikuwa kimefunikwa na mabati ya tangazo alinyamaza. Siku moja tulikwenda Kilimani kumwona binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani katika ghorofa moja ambayo baba alikuwa ameifanyia kazi tangu msingi. Askari alituzuia langoni, kwa adabu, akatuletea daftari: jina, nambari ya kitambulisho, unaenda nyumba gani, saa ya kuingia, sahihi. Baba aliandika polepole kwa herufi kubwa. Tukiwa tunapanda, ngazi ya nyuma, akasema kwamba kwa muda wote aliopita kwenye lango lile akijenga, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuandikwa. Hakulisema kwa uchungu. Mimi ndiye niliyeona uchungu.

Kwa hiyo mtu asiniambie daftari haliwezekani. Lipo. Linanunuliwa siku wapangaji wanapoingia.

Mwaka wa 2018 alianguka. Ulikuwa mjengo wa nyumba za kupangisha upande wa mashariki wa jiji. Mwenye ploti na kontrakta siwataji, maana hapa siko mahakamani. Jukwaa lilikuwa la miti ya mkaratusi iliyofungwa kwa kamba na misumari, na ubao aliokanyaga ulikuwa umetumika kumwagia slabu nyingi hadi ukaoza katikati. Alianguka ghorofa moja, akavunjika paja. Wenzake walimbeba juu ya mlango uliokuwa ukingoja rangi, wakamtia kwenye pikapu. Foremani alilipa pesa za kwanza hospitalini. Baada ya hapo kila tukipiga simu yake, mteja hapatikani.

Tulipokwenda mjengoni, mama na mimi, tuliambiwa hawamjui. Mafundi walikuwa wengi, walikuja kwa kandarasi ya leba, aliyewaleta ndiye wa kuulizwa. Aliyewaleta akasema yeye naye ni kibarua kama wengine. Kontrakta akasema analipa kwa kazi iliyofanyika, si kwa mtu. Mwenye ploti akasema ana kontrakta. Ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja ana hoja. Ukiwaweka pamoja, jengo la ghorofa tano limejijenga lenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza sheria, kwa kulazimika. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo mjengoni inaitwa WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima, aripoti ajali, na amlipe aliyeumia kwa muda asioweza kufanya kazi, hadi miezi 12. Mfanyakazi akifa, wanaomtegemea walipwe mapato ya miezi 96, na ajali ya kifo iripotiwe katika saa 24. Sheria hiyo ilivutwa mahakamani miaka mingi hadi Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba ni halali. Ni sheria nzuri. Nasema hivyo nikiwa nimeisoma kifungu kwa kifungu, usiku, nikiwa na sababu zote za kuichukia. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo nayo inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima asichukuliwe tena kuwa mtu wa kutwa, na inamtaka mwajiri aweke rekodi za watu wake. Yote yameandikwa vizuri. Lakini fomu ya kuripoti ajali inaanza na sehemu ambayo anaijaza mwajiri. Sasa mwajiri ni nani, ikiwa kuanzia langoni hadi paani kila mtu anasema si yeye?

Tukatafuta ushahidi. Malipo mengi yalikuwa ya mkononi. Tulipata jumbe chache za M-Pesa kutoka nambari ya foremani, zenye jina lake yeye, bila kampuni. Kisha mama wa chakula akajitokeza. Alikuwa akipika chini ya turubai ng'ambo ya barabara, na alikuwa na daftari la madeni, limelowa mafuta pembeni, kurasa zimejikunja. Akalifungua ile siku ya ajali. "Mzee fundi, chapo 2, madondo, chai." Siku iliyotangulia, yumo. Wiki iliyotangulia, yumo. Kwa penseli, kati ya kukanda unga na kupakua, mwanamke yule alikuwa ameandika mahudhurio ya mjengo mzima, akiwemo foremani, ambaye alikuwa na deni la mayai.

Alifunga kibanda chake akaja nasi, amelifunga daftari kwenye leso, hadi ofisi tuliyoelekezwa. Afisa alilifunua kurasa mbili tatu, akatabasamu, akasema hiyo si rekodi ya ajira. Ofisi siitaji. Afisa hakutukosea heshima, na kwa herufi ya sheria huenda alisema kweli. Lakini mjengo ule ulikuwa na ramani iliyopitishwa na bango la kontrakta langoni, na karatasi pekee iliyojua ni nani hasa walikuwa ndani siku ile ilikuwa ya mpika chapati. Yule mama alipoteza mauzo ya siku nzima kwa ajili yetu, na hakukubali tumlipe.

Bili ililipwa na kanisa, chama cha mama, ng'ombe mmoja wa Vihiga, na mafundi wenzake waliotuma hamsini hamsini kwenye simu. Baba alitiwa chuma ndani ya paja. "Zamani nilikuwa jiwe tupu," alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali, "sasa nimekuwa nguzo, nina chuma ndani." Fidia hatukupata. Nalitaja hilo mara moja kisha naliacha, kwa sababu yeye mwenyewe aliliacha kabla yetu. Kabla hata hajaweza kutembea vizuri alikuwa ameanza kuuliza nani anajenga wapi.

Majukwaa hakuyapanda tena. Alifanya kazi ya chini: kupima ploti, kutafuta pembe ya mraba kwa uzi wa futi tatu, nne na tano, kuangalia kona za wengine. Vijana waliokuwa wakimwona mchelewaji wakaanza kumfuata na mikongojo yake kutoka mjengo mmoja hadi mwingine. Aliwafundisha bila kulipwa, na aliwasema sana. Nilimkuta jioni moja nje ya nyumba yetu na vijana wawili, wamepanga vipande vya matofali mchangani, anawaonyesha jinsi jiwe la juu linavyopaswa kulalia nusu ya mawili ya chini, na mama anapiga kelele kwamba ugali umepoa.

Ni hao vijana waliomshawishi akafanye mtihani wa ufundi wa serikali, ule wa NITA. Mtu aliyejenga kwa zaidi ya miaka thelathini akapanga foleni na watoto wa juzi, akapewa mawe na mwiko na kuambiwa ajenge kona. Alirudi amekasirika kwa sababu mota ya mtihani ilikuwa na mchanga mchafu. Alipita. Cheti kilitundikwa sebuleni karibu na picha ya harusi, na hadi leo ndiyo karatasi pekee ya serikali inayosema baba yangu alikuwa mwashi. Mpango huu mlionao sasa wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kuingia darasani naupongeza kwa hiyo sababu. Ila cheti kinasema mtu anajua kazi. Hakisemi aliifanya wapi, wala Jumanne fulani alikuwa ghorofa ya ngapi.

Na hilo la ghorofa ya ngapi lina uzito kuliko fidia. Aprili 29, 2016, usiku wa Ijumaa yenye mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma na kuua watu karibu 50. Lilikuwa na wapangaji, na majirani waliweza kutaja nani alilala chumba gani. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu chini ya kifusi. Mjengo ambao haujaisha hauna jirani wa namna hiyo. Unapoanguka mchana na watu wakiwa kazini, foremani hukimbia, na waokoaji huanza kuuliza umati: walikuwa wangapi? Watano? Kumi na watano? Mmoja anasema aliona wengine wakitoka. Hapo kila saa ina thamani ya roho, na mtu anaamua wapi pa kuchimba kwa kukisia.

Baba hakufa mjengoni. Ilikuwa ni presha, usiku, kitandani mwake, hajatimiza miaka 60. Tulipokuwa tukitayarisha kijitabu cha mazishi, kijana wa kuchapa aliuliza tuandike nini pale pa kazi. Mjomba alijaza "mjenzi" na nafasi yote iliyobaki ikawa tupu. Basi likaja Vihiga limejaa mafundi. Wakati wa salamu za rambirambi mwenye kipaza sauti aliwaomba waseme kwa ufupi, na kila mmoja akasimama akataja ukuta. Huyu alikuwa naye Langata, tangi la maji. Huyu Githurai, duka la kona, 1997. Huyu alisema walijenga pamoja darasa la shule ya msingi huko Dandora na kwamba bado halijapata ufa. Mdogo wangu alikuwa akiandika nyuma ya kijitabu, akakosa nafasi, akaandika kwenye mkono wake.

Kaburi walikataa lijengwe na fundi wa kijijini. Walivua makoti wakajenga wenyewe, wakabishana juu ya kipimo cha mchanga mbele ya kasisi, na mmoja akaomba chupa ya soda. Tulicheka, Mungu atusamehe, tukiwa tumevaa nyeusi.

Sasa ombi langu, kwa mapana yake.

Bango la mjengo tayari ni la lazima, na wakaguzi wenu hulitafuta: nambari ya mradi, mwenye ploti, mchoraji, injinia, kontrakta. Ongezeni kitu kimoja katika ukaguzi huo. Mkaguzi akifika aulize daftari la siku hiyo, alinganishe na watu anaowaona kwa macho. Jina, nambari ya kitambulisho, kazi anayofanya, sehemu atakayokuwa, nani aliyemwita, saa ya kuingia na ya kutoka, sahihi au kidole. Mwisho wa siku ukurasa upigwe picha kwa simu na utumwe kwenu chini ya nambari ya mradi, ili ajali ikitokea asubuhi usije ukapotea mchana. Mjengo usio na daftari usimamishwe kama unavyosimamishwa usio na kibali. Na Wizara itamke wazi kwamba ukurasa huo ni ushahidi wa kutosha kuanza kushughulikia fidia, awe aliyemwita ni kontrakta, foremani au foremani wa foremani. Aliyesajili mradi ndiye ajibu kwanza. Wao kwa wao watadaiana baadaye.

Najua wapo wanaofanya hivi tayari. Kwenye kazi kubwa za barabara nimeona watu wana kadi zenye picha na hakuna anayepita langoni bila kuandikwa. Mimi nazungumzia ghorofa zetu za Kayole, Pipeline, Githurai na Utawala, ambako watu wengi zaidi wa jiji hili wanalala, na ambako askari wa mjengo kazi yake ni kulinda mbao.

Makontrakta watasema mafundi hubadilika kila siku. Ndiyo sababu tunataka liwe la kila siku. Watasema ni gharama. Mimi huwauzia simiti, najua mfuko mmoja unagharimu nini ukilinganisha na daftari, na wao wanajua kwamba najua.

Upinzani mgumu utatoka kwa mafundi wenyewe, na huu nawaomba muuheshimu. Mtu wa mkono akiona jina lake linaandikwa na kutumwa serikalini, atafikiria kwanza makato: SHA ya matibabu, NSSF ya uzeeni, kodi, kadi ya usajili aliyoshindwa kuilipia. Ataandika jina la uongo, au atapitia kwa nyuma. Kwa hiyo semeni tangu mwanzo, na mlitimize, kwamba daftari hili halitatumika kumfuata kibarua kwa deni lolote. Likigeuzwa kuwa nyavu ya kukusanyia pesa litakufa ndani ya mwezi, na mtakuwa mmeniaibisha mimi niliyeliomba.

Anzeni na miradi yenu wenyewe. Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024, mimi karani hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri wangu huongeza kiasi hicho hicho. Kwa kiasi changu kidogo, basi, na mimi ni mwenye mjengo. Kama mwenye mjengo naomba kujua ni nani aliye juu ya jukwaa langu.

Nimepiga mistari ukurasa mmoja wa mfano nikauambatisha na barua hii. Hatua chache kutoka hapa dukani kuna msingi umechimbwa wiki hii, bango limesimama, na tumeshapeleka mzigo wa kwanza wa simiti, umehesabiwa na kutiwa sahihi. Mkaguzi wenu akitaka mahali pa kuanzia, sisi hufungua saa moja asubuhi, nami nitamwonyesha njia.

Wenu,
Binti wa fundi,
Kayole, Nairobi